Mwitikio ni wa Nani? Istilahi za Malezi ya Watoto Wadogo Vituoni

Katika kazi ya istilahi kuna maneno ambayo hutungwa mezani, yakajadiliwa, yakapitishwa na kuchapishwa, nayo yakaonekana hayana dosari hata siku yanapomfikia yule aliyekusudiwa. Neno tunalotaka kulijadili hapa ni la namna hiyo. Nalo ni neno *mwitikio*, kama linavyotumika katika fungu la maneno "malezi yenye mwitikio", ambalo watafsiri, walimu na maofisa wa ustawi wa jamii hukutana nalo karibu katika kila waraka uhusuo watoto wadogo.

Mahali tulipolipima neno hili ni Kolo, katika Wilaya ya Kondoa, Mkoa wa Dodoma. Wengi huijua Kolo kwa sababu ya michoro ya miambani, ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sisi hatukwenda kwa ajili ya michoro. Tulikwenda kukaa katika kituo kimoja cha kulelea watoto wadogo, chumba kimoja chenye jamvi na mti wa kivuli mbele ya mlango, wakati wa palizi, majira ambayo akina mama huwahi mashambani alfajiri na kituo hujaa pomoni. Tulitaka kusikia jinsi dodoso moja lililotafsiriwa kwa Kiswahili linavyoeleweka kwa wazazi. Dodoso hilo lilitoka katika ofisi ambayo hatuna haja ya kuitaja, maana kosa lililomo lingeweza kufanywa na yeyote kati yetu.

Swali la saba liliuliza: "Je, mtoto hupata malezi yenye mwitikio nyumbani?" Mama wa kwanza alijibu bila kusita: "Ndiyo. Nikimwita mara moja tu, huitika." Wa pili alisema: "Huyu bado. Naita mara tatu, yeye yuko tu na mchezo wake." Bibi mmoja aliyekuwa akilea mjukuu alitueleza kwa kirefu jinsi alivyomfundisha mtoto huyo kuitika "abee", kisha akamwita pale pale ili tushuhudie. Mtoto akaitika. Mlezi wa kituo akatia alama penye "ndiyo", akageuza ukurasa.

Msomaji ameshaona kilichotokea. Mwenye kuandika swali alikusudia mwitikio wa mzazi kwa mtoto: kwamba mtoto anapolia, anapotabasamu, anaponyosha kidole kuelekea kwa kuku au kutoa sauti isiyo na maana kwa mtu mzima, mlezi aitambue ishara hiyo, aielewe na kuijibu kwa wakati. Wazazi wa Kolo walisikia mwitikio wa mtoto kwa mzazi, yaani utii. Wala hawakukosea. Walilisoma neno kama Kiswahili kinavyolisoma.

Tulichambue. Kitenzi cha asili ni *ita*. Kutokana nacho tunapata *itika*, yaani kutoa sauti ya kuonyesha kuwa umesikia unapoitwa. Na kutokana na *itika* tunapata *itikia* katika kauli ya kutendea. *Mwitikio* ni jina lililotokana na kitenzi hicho cha mwisho, kama vile *kiitikio* cha wimbo. Magazeti yetu huandika kwamba "mwitikio wa wananchi ulikuwa mkubwa", yaani kiongozi aliita, umma ukaja. Katika matumizi yote haya anayeita yuko juu, na anayeitika yuko chini. Ndani ya nyumba jambo hili ni kali zaidi: mkubwa huita, mdogo huitika, msichana kwa "abee" na mvulana kwa "naam", na mtoto asiyeitika hupata jina baya mtaa mzima. Sasa unapoweka jina *mwitikio* peke yake, bila kumtaja mtenda wala mtendwa, msikilizaji hana budi kuwajaza mwenyewe, naye huwajaza kwa desturi anayoijua.

Madhara yake si ya sarufi tu. Dodoso lile lilikusudiwa kuonyesha ni kaya zipi zinahitaji kutembelewa na mhudumu wa afya ili mzazi aonyeshwe namna ya kuzungumza na kucheza na mtoto. Kwa majibu tuliyoyasikia, nyumba ambayo mtoto huitika upesi kwa sababu anaogopa fimbo iliandikwa kuwa ina malezi mema; na nyumba ambayo mama huacha jembe mlangoni ili kwanza amsikilize mtoto, lakini mtoto huyo ni mtundu, iliandikwa kuwa na upungufu. Takwimu zilikuwa zimegeuzwa kichwa chini, na hakuna mtu wilayani ambaye angeweza kulitambua kosa kwa kutazama jedwali.

Ni vema tueleze kwa ufupi neno hili lilikotoka. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi ya mtoto tangu mimba hadi umri wa miaka mitatu, wenye nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, ulinzi na usalama, fursa za kujifunza mapema, na hiyo ya tano ambayo kwetu imeitwa malezi yenye mwitikio. Nguzo hizo ziliingia katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa kipindi cha mwaka 2021/22 hadi 2025/26, ambayo ilihusu watoto hadi umri wa miaka minane. Kutoka hapo neno limesambaa katika miongozo, mabango na mafunzo ya walezi. Limekwisha kuzoeleka ofisini, na hatushauri lifutwe. Istilahi iliyokwisha kuchapishwa mahali pengi ikibadilishwa ghafla huleta vurugu kubwa kuliko ile iliyokusudiwa kuondolewa.

Je, kulikuwa na neno lililo bora? Wako waliopendekeza "malezi sikivu". Mtego ni ule ule, maana katika lugha ya kila siku mtoto msikivu ni mtoto mtiifu. Wengine wamesema "malezi shirikishi", lakini hilo huchukuliwa kuwa ni baba na mama kushirikiana, jambo jema ila ni jingine. "Malezi ya upendo" ni pana mno: hakuna mzazi atakayekiri kuwa hampendi mwanawe, na swali ambalo kila mtu hulijibu kwa "ndiyo" si swali.

Suluhisho, kwa maoni yetu, limo katika sarufi yenyewe. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda na mtendwa ndani yake. Jina huwatupa wote wawili. Kwa hiyo, popote maneno yanapomwendea mzazi, mlezi au mwananchi wa kawaida, jina *mwitikio* lirudishwe katika kitenzi: "Mtoto anapolia au kukuonyesha kitu, wewe humwitikia vipi?" Kiambishi *-m-* kimefanya kazi ambayo aya nzima ya maelezo haikuweza kuifanya. Katika nyaraka za kitaalamu istilahi ibaki, lakini iandikwe kwa ukamilifu angalau mara ya kwanza: "malezi ya kumwitikia mtoto".

Hapo Kolo tulilijaribu. Yule bibi alipoulizwa kwa namna hiyo, kwanza alicheka. Akasema mkubwa hamwitikii mdogo, isipokuwa kwa salamu. Ndipo mlezi wa kituo, mama mtu mzima ambaye hajapata kusoma mwongozo wowote wa kimataifa, alipomwambia: "Basi bibi, huyu mdogo hajajua kusema shikamoo. Anakuamkia kwa kilio. Utaacha kumwambia marahaba?" Bibi akanyamaza kidogo, kisha akaanza kutueleza jinsi anavyomwimbia mtoto akishtuka usiku, anavyojua kilio cha njaa na kilio cha usingizi, na kwamba mkwewe hajui tofauti hiyo. Jibu hilo ndilo lililokuwa likitafutwa na swali la saba.

Hatukuwa tumefikiria mfano wa salamu hata kidogo, ingawa ni sisi tunaolipwa kwa kazi ya maneno. Katika adabu ya Kiswahili kuna mahali pamoja ambapo mdogo huanza na mkubwa ni lazima aitikie, na kutoitikia ni aibu ya mkubwa. Mtafsiri anayeandika vitini vya wazazi anaweza kuutumia mfano huo bila woga.

Hata hivyo baba mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe alitupa onyo ambalo ni lazima tulitaje. Alisema kuwa kumwitikia mtoto kila mara ni kumdekeza. Shaka hii imeenea, na maandishi mengi hulikwepa. *Kudekeza* ni kumpa mtoto kila atakacho hata akose mipaka. *Kumwitikia* ni kutambua anachokisema na kumjibu, na jibu linaweza kuwa "hapana, kisu hakichezewi", likafuatwa na kitu kingine cha kuchezea. Tunapendekeza kila kitini kinachotumia neno la pili kilitaje na la kwanza, ili tofauti ionekane wazi. Kadhalika tusisahau vitenzi tulivyo navyo tayari: *kubembeleza*, *kutuliza*, *kuliwaza*, *kusemezana na mtoto*. Hivyo havihitaji semina.

Neno jingine la fungu hili, *uchangamshi*, limekuwa na bahati njema. Uchangamshi wa awali ni ile kazi ya kuziamsha akili na hisia za mtoto kwa mazungumzo, michezo na vitu vya kushika. Umuhimu wake ulionekana wazi katika uchunguzi uliofanywa Kingston, Jamaika, kuanzia mwaka 1986, ambako watoto 129 waliodumaa waligawanywa katika makundi: wako waliopata chakula cha ziada, wako waliotembelewa nyumbani na kuchezeshwa, wako waliopata vyote viwili na wako ambao hawakupata nyongeza yoyote. Chakula na michezo kila kimoja kilisaidia ukuaji wa akili, na waliopata vyote walinufaika zaidi. Na walipofuatiliwa baada ya miaka 20, wale waliochezeshwa walikuwa wakipata kipato kikubwa kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakuchezeshwa. Katika nchi ambayo uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, jambo hili si la pembeni. Ama neno lenyewe, mzazi hulielewa mara moja, kwa kuwa "mtoto amechangamka" ni sifa anayoijua. Huko Kolo mama mmoja aliyeulizwa humchangamsha mtoto kwa nini, alitoa mtoto wa gunzi la hindi aliyevishwa kitambaa. Hakuna aliyehitaji ufafanuzi.

Tupite sasa kwenye utatu wa *malezi*, *makuzi* na *maendeleo*, ambao husomwa kwa pamoja kama wimbo na mara nyingi bila kuulizwa kila neno lina kazi gani. *Malezi* latokana na *lea*, na halina tatizo. *Maendeleo* latokana na *endelea*. Tatizo lake ni kwamba kwa miaka mingi limekuwa likitumika kwa barabara, visima na miradi, hata mwananchi akisikia "maendeleo ya mtoto" hufikiria maendeleo yake shuleni, yaani alama. *Makuzi* ndilo lenye utata. Umbo lake latokana na *kuza*, kitenzi cha kusababisha, na katika matumizi ya kawaida makuzi ni karibu sawa na malezi: "mtoto mwenye makuzi mema" ni aliyelelewa vema. Lakini katika nyaraka hutumika kwa maana ya kuongezeka kwa mwili. Kwa maana hiyo neno sahihi ni *ukuaji*, kutokana na *kua*, nalo ndilo linalotumiwa na wauguzi wanapompima mtoto uzito na kuweka alama katika kadi ya kliniki. Ushauri wetu ni kuwa jina la programu liachwe kama lilivyo, kwa kuwa ni jina. Lakini ndani ya maandishi mtafsiri aseme *ukuaji* anapozungumzia kilo na sentimita.

Kuhusu majina ya mahali penyewe historia ni ndefu na ina mafunzo yake. Wengi waliozaliwa kabla ya miaka ya 1990 walisoma "shule ya vidudu", jina la mzaha lililoshika. *Chekechea* nalo, kama muundo wa "shule ya chekechea" unavyoonyesha, linawahusu watoto wenyewe kabla ya kuihusu shule. Inafurahisha kuona kwamba Kiswahili hakikufuata lugha nyingine zilizolichukua neno la Fröbel, mwalimu wa Kijerumani ambaye mwaka 1840 aliiita shule yake "bustani ya watoto". Sisi tulitazama watoto, si bustani.

Jina la kiserikali lina sura nyingine kabisa. Wakati wa vijiji vya ujamaa vituo vilianzishwa ili akina mama waweze kushiriki katika kazi za kijiji, na Umoja wa Wanawake wa Tanzania ulikuwa na mchango mkubwa katika kuvihimiza. Sheria ya mwaka 1981 ikavipa utaratibu wa kusajiliwa, na jina likawa *vituo vya kulelea watoto wadogo mchana*. Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, lakini jina limeendelea. Tazama neno *mchana*: linataja saa za kazi za mama, halisemi lolote juu ya mtoto. Tazama pia *kulelea*. Watu wengi huandika "kituo cha kulea watoto", na wahariri huliacha lipite. Tofauti si ndogo. Kauli ya kutendea hapa huonyesha mahali: kituo cha *kulelea* ni mahali ambapo watu huwalea watoto, kama vile chumba cha kulia ni mahali pa watu kula. Kituo cha *kulea* ni kituo kinacholea chenyewe, na mzazi akilisikia hivyo asilaumiwe kwa kudhani kuwa kazi imekwisha kukabidhiwa.

Na anayelea humo anaitwa nani? Watoto wa Kolo humwita mwalimu. Dodoso lilimwita mlezi. Wizara inayosimamia vituo hutumia *mlezi* na *kituo*. Wizara ya elimu hutumia *mwalimu* na *darasa la awali*. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya mfumo rasmi, na ile ya mwaka 2014 ikaitaka iwe ya lazima, kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja, kwa watoto wa miaka 3 hadi 5. Hivyo mtoto wa miaka minne aweza kuwa mikononi mwa mlezi au mwalimu, kwa kutegemea mlango alioingilia, na mishahara hufuata majina. Mwalimu wa darasa la awali la serikali ni mtumishi wa umma. Mlezi wa kituo cha kijiji hungoja michango ya wazazi, ambayo wakati mwingine huja kwa debe la uwele baada ya mavuno. Sisi hatupangi mishahara. Lakini mtafsiri anayeandika "mlezi wa kujitolea" mahali ambapo matini ya asili yasema "mlezi" tu, ameongeza sharti ambalo hakuagizwa kuliongeza, nasi tumeliona hilo zaidi ya mara moja.

Mfano mmoja wa neno lililobadilishwa kwa manufaa: zamani vitabu vya lishe vilisema "vyakula vya kulikiza". Kulikiza ni kuachisha ziwa, na neno lilimfundisha mama kwamba uji ukianza, ziwa lisimame. Ushauri wa wataalamu ni maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha chakula pamoja na kuendelea kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi. Kwa hiyo likaja "chakula cha nyongeza". Ni bora, ingawa tumesikia mama akisema nyongeza ni kwa wenye uwezo. Hapo tunakiri hatuna neno jipya la kutoa.

Tumalizie na jambo ambalo tulikaribia kuondoka Kolo bila kuliona. Swali la kumi na mbili lilitaka idadi ya maneno ambayo mtoto wa miaka miwili anaweza kuyasema. Mlezi alihesabu kwa mtoto mmoja maneno manne, akaandika "amechelewa kusema". Mtoto yule alikuwa amekaa kwa dada yake akimsimulia habari ya mbuzi kwa Kirangi, bila kituo. Kirangi ni lugha ya nyumbani ya watoto wengi wa Kolo. Ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili, lakini ina irabu saba, na mtoto huikuta irabu tano za Kiswahili anapofika kituoni au darasani. Mlezi mwenyewe ni Mrangi na alimwelewa mtoto vizuri kabisa. Tulipomuuliza kwa nini hakuyahesabu maneno yale, alijibu kuwa dodoso ni la Kiswahili.

Hakuna istilahi iliyokosewa katika swali hilo. Kilichokosekana ni maneno matano, "katika lugha yoyote ya nyumbani", na tumekwisha kuyapendekeza kwa waandishi wa dodoso. Tunawaomba walimu na maofisa walio katika wilaya ambazo mtoto huanza na lugha nyingine, ikiwa ni Kisandawe, Kiburunge, Kigogo au nyingineyo, walijaribu swali la saba kwa maumbo yote mawili, lenye *mwitikio* na lenye *humwitikia*, kwa wazazi wasiopungua kumi, na kutuletea majibu kama yalivyosemwa, bila kuyasahihisha.